UZI: Kesi za watoto walemavu mayatima, mbona kila siku anashinda mwenye mdomo?

FundiMagongo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Busia, upande wa Uganda, kazi yangu kuchomelea, natengeneza wilchea, magongo na zile baiskeli za mikono za magurudumu matatu mnazoziona hapa mpakani zikivuka na mizigo. Mguu wangu wa kushoto uliondoka na polio nikiwa mdogo, wazazi nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine, nikalelewa kwenye nyumba ya watoto (jina sitaji, msinifuate inbox) toka nina miaka sita mpaka nikaenda kusomea ufundi. Sasa kila Jumamosi narudi pale kukaza nati na kubadilisha mipira ya magongo, na nikiwa nimelala chini ya wilchea ya mtu nasikia mengi kwa sababu watoto wakishakuona umelala chini wanasahau kuwa we ni mtu mzima.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na kesi. Wasichana wawili waligombania beseni la kufulia. Mmoja anatembea kwa magongo, anasikia na anaongea kama cherehani. Mwingine ni kiziwi. Wa magongo akawahi kwa matroni akaeleza yote, nani alianza, nani alivuta, nani alimwaga maji, hadithi ikanyooka kabisa. Yule kiziwi akafika baadae anahema, anaanza kueleza kwa mikono, haraka haraka kwa sababu ana hasira, na matroni akaona anarusha mikono kama anataka kupiga akamshika mikono yote miwili, tulia, tulia mama.

Jamani. Ukimshika kiziwi mikono umemziba mdomo. Yule mtoto alilia mpaka akatapika, na kesi ikaisha hapo, akaambiwa ana hasira mbaya aende akalale.

Hii kitu nimeiona tangu niko mtoto. Kwenye hizi nyumba kesi haiendi kwa mwenye haki, inaenda kwa mwenye mdomo mwepesi na miguu mepesi. Anayewahi kufika na anayewahi kusema. Sasa chukua watoto arobaini, huyu haoni, huyu hasikii, huyu neno moja linamchukua dakika nzima, huyu akitaka kuja kulalamika lazima asubiri mtu amsukume, na huyo wa kumsukuma ndo huyo huyo aliyegombana nae! Anafikaje kwenye haki?

Nilikuwa nataka kuuliza wenye uzoefu, mlezi, mwalimu, au nyie mliolelewa kama mimi, kesi za kwenu zinasikilizwaje? Leteni.

mwalimu_mstaafu

Fundi umegusa penyewe. Nimefundisha elimu maalum miaka mingi, tulisoma enzi kile chuo cha taifa cha elimu maalum kingali UNISE kabla hakijaingizwa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Katiba yetu ya 1995 inataja lugha ya alama kwa jina, chama cha viziwi kipo tangu 1973, tunajisifu nje huko, alafu unaingia nyumba ya watoto unakuta viziwi saba na hakuna mlezi hata mmoja anayejua kusema "nieleze". Wanajua alama tatu, kula, choo, na hapana.

FundiMagongo

Mwalimu umenichekesha na kunisikitisha. Pale petu anayejua lugha ya alama vizuri ni mpishi, na hakufundishwa na mtu, alifundishwa na watoto wenyewe wakija kuomba ukoko. Kesi ya beseni ilipokuja kufunguliwa tena ni yeye aliyetafsiri, na ikaonekana beseni lilikuwa la kiziwi, alipewa na shangazi yake, ana alama yake ameikwaruza chini kwa msumari. Wa magongo akanyamaza kimya.

Kingine watu hawafikirii: giza. Umeme ukikatika saa mbili usiku, sisi tunaosikia tunaendelea kutukanana gizani kama kawaida, lakini kiziwi ameshakuwa hana la kusema wala la kusikia. Rafiki yangu mmoja wa utotoni alikuwa analala na tochi kiunoni, tulidhani anaogopa wachawi, kumbe tochi ndo mdomo wake, akiwa na ugomvi usiku anamulika mikono yake anakuambia unachostahili kuambiwa. Ukitaka kumnyanyasa ulikuwa unamwibia betri. Nasema hivi kwa aibu kwa sababu na mimi nilishamwibia.

mtoto_wa_Bombo

Mimi sijalelewa kwenye nyumba lakini nina swali, hao watoto wanatoka kila kona, wanagombana kwa lugha gani?

FundiMagongo

Swali zuri. Hapa Busia unapata Msamia, Mganda wa Buganda, Mteso, Mgisu, na wengine wameletwa kutoka mbali huko West Nile. Mchana shuleni Kiingereza, bwenini Kiswahili chetu hiki kilichovunjika ambacho nyie wa Dar mnakicheka. Ila matusi kila mtu anatukana kwa kwao, na hapo ndo shida kubwa ilipo kwa sababu majina ya ulemavu katika lugha zetu mengi yenyewe ni matusi. Ukimwita kiziwi "kasiru" kwa Kiganda umemwambia haongei na hapo hapo umemwambia ni mpumbavu. Nusu ya ngumi nilizowahi kuziona pale zilianzia kwenye jina.

Alafu kuna kitu watu wa nje hawakijui, walemavu nao wana ngazi zao. Sisi wa miguu tulijiona wakubwa, "sisi akili ziko sawa", tuliwadharau wenye utindio wa ubongo, wao nao waliokuwa na nguvu walimdharau mwenye kifafa. Mwenye kifafa alikuwa chini ya wote. Hakuna aliyekula nae sahani moja, tuliamini povu lake likikugusa na wewe umeisha. Kifafa hakiambukizi, hata kwa povu hakiambukizi, lakini nani alituambia? Wauguzi waliokuja waliongea na matroni, hawakuongea na sisi. Aliyevunja huo mwiko ni mvulana asiyeona, yeye alisema "mi povu silioni", akakaa nae, akala nae posho (ugali) na maharage miezi mingi na hakuanguka, basi taratibu na sisi tukasogea.

Mzee_wa_LC1

Nyie vijana mnaongea sana. Sisi tulichapwa viboko viwili viwili wote wawili, mkosaji na mkosewa, na urafiki ukarudi siku hiyo hiyo.

mwalimu_mstaafu

Mzee heshima yako, ila sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imeshapiga marufuku viboko shuleni. Na we mwenyewe kama ni LC1, kiongozi wa kijiji, unajua sheria hiyo hiyo ya watoto inakipa baraza lako la kijiji njia zake mtoto akikosea: kupatanisha, fidia, kurudisha alichochukua, kuomba radhi, kuonya. Kiboko hakimo humo.

Mzee_wa_LC1

Hiyo ya kurudisha mali naikubali. Hiyo ya kuomba radhi watoto wanaifanya kwa mdomo tu.

FundiMagongo

Mzee hapo kwa radhi tuko pamoja. "Mwombe mwenzako samahani, haya peaneni mikono, haya kumbatianeni" ni mchezo wa kuigiza, tuliujua na tuliucheza vizuri sana, hasa kukiwa na wageni.

Kwenye viboko ntaongeza adhabu moja ambayo haihesabiwi kama kipigo na ni mbaya kuliko kipigo: kumnyang'anya mtoto gongo. Au kumwondoa kwenye wilchea umkalishe sakafuni "mpaka ujue adabu". Nimefanyiwa. Mlezi mmoja (alishaondoka) aliniwekea magongo yangu juu ya kabati nikashinda kitandani siku nzima, kwenda choo natambaa. Mtoto anayetembea ukimpa adhabu ya kukaa chini ataondoka nayo saa moja, ila mimi ulinikata mguu. Na watoto wanajifunza hapo hapo, wiki iliyofuata tulianza kufichiana magongo sisi kwa sisi.

DadaAsiyeona_Mbale

Nasoma uzi huu kwa simu inayonisomea kwa sauti, inatamka Kiswahili kama mzungu aliyechelewa ndege lakini naelewa. Mimi sioni tangu surua ya utotoni. Naomba nipunguze sifa kidogo, kuna watu wanapenda kusema wasioona wanamjua kila mtu kwa nyayo na harufu. Ni kweli kiasi. Lakini mimi niliwahi kumsababishia mtu adhabu ya uongo kwa sababu hiyo. Mtu alinipiga kofi kwa nyuma akakimbia, nikasikia chuma cha mguu kinalia, nikasema ni fulani, kwa sababu fulani ndo mwenye chuma kinacholia. Akafagia uwanja wiki nzima. Baada ya miaka ndo nikaambiwa mwenye chuma alikuwa anapita tu, aliyenipiga alikuwa pekupeku. Kwa hiyo na sisi tukisema tusikilizwe, na pia tuulizwe maswali kama shahidi mwingine yeyote. Msituamini kwa huruma.

FundiMagongo

DADA UMESEMA. Msituamini kwa huruma. Hiyo naomba niieleze kwa kisa.

Pale nyumbani tuna kijana ana utindio wa ubongo, mikono inamrukaruka, maneno yanatoka kwa shida, sentensi moja unaweza kumenya ndizi ukaimaliza. Akili yake inakata kama wembe. Mwaka jana asubuhi moja uji wa moto ukamwagikia mwenzake mgongoni (haukuunguza sana, shati lilisaidia). Walezi watatu wakafika. Aliyemwagiwa anapiga kelele "amefanya makusudi!" Walezi wote wakamgeukia yeye, we una roho mbaya, huoni mwenzio mikono yake haimtii, unamsingizia mgonjwa. Yule kijana anajaribu kusema kitu, "ni... ni...", mmoja akamalizia "ni bahati mbaya, tunajua mwanangu", "ni...", mwingine akamalizia "ni mkono wako, usijali".

Mimi nilikuwa nafunga breki ya kiti chake. Nikawaambia hebu mngojeni. Wakangoja. Uji ukapoa, kengele ya darasa ikalia, mtoto anapambana na lile neno, jasho linamtoka, na mwisho likatoka lote:

"Nilimmwagia makusudi."

Kimya. Kumbe jamaa alikuwa anamuiga anavyoongea, mwezi mzima, akizima taa. Na yeye alipanga, akasubiri apewe kikombe kilichojaa, akalenga. Kwa mikono ile kulenga sio kazi ndogo.

Aliadhibiwa kuosha sahani siku mbili, na mwenzake wa kuiga akaosha nae sink moja. Mnajua alichoniambia baadae? Kwamba ndo mara ya kwanza maisha yake ameadhibiwa. Alikuwa anatabasamu. Miaka yote hiyo makosa yake walikuwa wanampa mkono wake, na wenzake walikuwa wanamchukia kwa hilo kuliko kitu chochote, kwa sababu ukigombana nae umeshashindwa kabla hujaanza. Alikuwa hana rafiki. Utakuwaje rafiki wa mtu ambaye hana kosa hata moja? Sasa yule wa kuiga ndo anamsukuma kwenda shule. Bado wanagombana, juzi nimesikia wanabishana nani alipwe kwa kusukuma, wamefikia shilingi 200 kwa kwenda na kurudi bure.

KijanaWaArua

😂😂 kurudi bure. Fundi hapo nimekufa.

Mimi nimelelewa na bibi baada ya mzee kufariki, lakini nilikaa bweni la shule yenye walemavu. Siku ya kutembelewa, hiyo ndo vita. Naomba uiongelee.

FundiMagongo

Aah hiyo siku. Watu wanadhani yatima wote hawana mtu kabisa, lakini hapa kwetu yatima ni hata aliyefiwa na mzazi mmoja, na wengi mule wana shangazi, bibi, mjomba, wengine hata mama yupo ila ameshindwa. Kwa hiyo jumapili ya wageni bweni linagawanyika mara mbili, wenye mtu na wasio na mtu. Mwenye mtu anakuja na chapati, kuku amefungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), msimu wa senene wanaletewa senene. Asiye na mtu anaambiwa "na wewe utapata siku yako".

Ugomvi hauanzi mchana. Mchana kila mtu ana adabu. Unaanza jioni wageni wakishapanda boda. Mtu atapigana kwa sababu ya ndala iliyosogezwa, walezi wanahangaika na kesi ya ndala, ndala gani bwana, mtoto ameangalia lango toka saa tatu asubuhi!

Sisi wenyewe tulijitungia kodi. Ukitembelewa, usiku unaweka sehemu kwenye blanketi moja katikati ya bweni, hakuna mlezi aliyejua. Anayegawa ni asiyeona, kwa sababu hawezi kuchagua kipande kikubwa kwa macho (alikuwa anapima kwa vidole yule mjanja, lakini tulijifanya hatujui). Na aliyetembelewa anachukua wa mwisho.

Na wale wageni wa kamera sitawasema sana. Wanakuja wiki mbili, wanampenda mmoja, mara nyingi mdogo mwenye macho mazuri, wanambeba mgongoni siku zote kumi na nne, wanaondoka wanalia uwanja wa ndege, na yule mtoto anabaki na maadui thelathini na tisa.

mtoto_wa_Bombo

Na michezo je? Maana watoto wa kawaida wakigombana mpira unawarudisha.

FundiMagongo

Mpira unarudisha na mpira unagombanisha, tukicheza mpira nani anaachwa nje, si unajua. Kilichotusaidia sisi ni mweso, bao la huku kwetu. Mashimo 32, kete 64, mnakaa chini wote, hapo mguu haudaiwi. Asiyeona anacheza kwa vidole tena anakushinda kwa sababu anahesabu kichwani na wewe unahesabu kwa macho. Kiziwi hahitaji kusikia chochote. Hatukuwa na ubao, tulichimba mashimo kwenye udongo nyuma ya jiko, kete ni mbegu. Sharti moja tu kwa asiyeona, ukicheza unasema shimo ulilotoa, ukinyamaza umepoteza zamu.

Watoto wa sasa nao wana mashujaa wao. David Emong alipopata medali ya fedha ya mita 1500 Paralimpiki ya Rio 2016 mule ndani kulizuka ugomvi mkubwa, wenye ulemavu wa mkono wakasema Emong ni wetu, wa miguu mtafute wa kwenu. Alafu Husnah Kukundakwe akaenda kuogelea Tokyo ana miaka 14, wa mkono tena! Sisi wa miguu tulinyanyasika kweli.

DadaAsiyeona_Mbale

Fundi hujatuambia ugomvi wako mwenyewe. Umetusemea ya wengine tu.

FundiMagongo

Haya, nimebanwa.

Kitanda cha jirani alilala mvulana aliyekatwa mguu wa kulia. Mfadhili wake alimtumia viatu, pea nzima, vyeusi vya ngozi. Yeye anavaa cha kushoto tu. Cha kulia kikabaki chini ya kitanda, kipya, kinang'aa, na mimi natumia mguu wa kulia, namba moja na yeye. Sikuwa na kiatu. Kila usiku nakiona kile kiatu kinanitazama.

Badala ya kumwomba nikaenda kwa matroni. Mi mdomo ninao, nikaeleza vizuri, matroni akaona ni jambo la busara kabisa, akaenda akakichukua, akamwambia "wewe hukihitaji". Nikakivaa siku nne. Asubuhi ya tano hakipo, na baada ya kutafuta sana kikaonekana kwenye shimo la choo, kisigino juu.

Hatukuongea muhula mzima. Walijaribu kutupatanisha ofisini, kupeana mikono, mnajua. Aliyetuweza ni mpishi, mama mtu mzima tulimwita jaja (bibi), alitupa ungo mmoja wa maharage tuchambue mawe, kila siku baada ya shule, ungo mmoja, hakusema neno lingine. Siku ya tatu jamaa akasema bila kuinua macho, "Ungeniomba." Nikamwambia ungekataa. Akasema, "Ningekataa. Alafu ningekupa."

Ikabidi nifikirie sana hiyo. Mtu amekatwa mguu, hakuulizwa. Ameletwa pale, hakuulizwa. Kitu cha kwanza maishani ambacho ni chake na anaweza kukataa, mimi nikampelekea matroni.

Mzee_wa_LC1

Kijana, huyo rafiki yako yuko wapi siku hizi?

FundiMagongo

Yuko Jinja anatengeneza simu, ana mke na watoto wawili. Viatu bado tunanunua pea moja, ananunua yeye. Ila hakitumi. Lazima nimpigie niombe, ananiambia ngoja nifikirie, na ananiweka wiki nzima mshenzi yule. Nimeomba Jumanne, bado hajajibu.